Chura mwenye makucha: tangu yai mpaka kukomaa ndani ya maji

Kwenye vijito na mabwawa ya bonde la Kongo kunaishi vyura ambao hawatoki sana ndani ya maji. Wataalamu wanawaita Xenopus. Mufugaji wa samaki wa Tunda ao wa kandokando ya Kindu anaweza kumtambua chura huyu kwa alama tatu: vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma viko na makucha meusi, ngozi yake inateleza sana, na hana ulimi. Chakula anakisukuma mdomoni kwa mikono.

Uzao wa aina mbili

Aina nyingi za vyura hawa zilitokana na mchanganyiko. Hapo zamani sana, vyura wa aina mbili tofauti walizaana. Kwa kawaida mtoto wa namna hiyo hazai, sawa vile nyumbu, mtoto wa punda na farasi. Lakini kwa vyura hawa urithi wa wazazi wote wawili ulijiongeza mara mbili, na uzao ukaendelea mpaka leo.

Ushahidi unaonekana kwenye kromozomu, zile nyuzi ndogo zinazobeba urithi ndani ya mwili. Mwanadamu ana 46. Aina moja ya Afrika ya Magharibi iko na 20, epitropicalis wa Kongo yuko na 40, na wittei wa milima ya Kivu anafika 72. Mwaka 2016 wataalamu walisoma urithi wote wa aina ya Afrika ya Kusini, wakakadiria kwamba mchanganyiko wake ulitokea miaka milioni 17 ao 18 iliyopita.

Ulaya pia kuna chura wa maji aliye chotara. Lakini huyo, mara nyingi, inamuomba kila kizazi ajamiiane na aina moja ya wazazi wake. Wa Afrika wanazaana wenyewe kwa wenyewe.

Namna anavyokomea

Aina ya Afrika ya Kusini ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Dume anaita jike akiwa chini ya maji. Jike anataga mayai mamia kwa mamia, moja moja, yanashikamana na majani. Kila yai ni kama milimita moja hivi.

Kama maji yana joto la kutosha, yai linapasuka kisha siku mbili ao tatu. Kiluwiluwi anayetoka anaonekana mpaka ndani ya mwili kama kioo. Anaogelea kichwa chini, akichuja vumbi la mimea ndani ya maji. Miguu ya nyuma inaota kwanza, kisha ya mbele. Halafu anaacha kula, utumbo wake unafupika, mkia unaisha. Kisha miezi miwili hivi amekuwa chura mdogo, na sasa anakula wadudu, mabuu ya mbu, samaki wadogo, hata viluwiluwi vya aina yake.

Sumu si dawa

Sababu anakula watoto wa samaki, wafugaji wengine wanatamani kumuua kwa sumu. Lakini yai, kiluwiluwi na chura mkubwa wote wako ndani ya maji yale yale pamoja na samaki, sumu haichagui. Ikitoka bwawani inafuata kijito, na huko chini kuna watu wanaochota maji ya kunywa.

Njia bora ni kukata majani ya kando ambako mayai yanashikamana, na kukausha bwawa kisha kuvuna. Wakati wa kukausha inaomba kuchunguza tope pia, juu chura huyu anajificha humo. Mvua ikinyesha anaweza kutembea nchi kavu na kurudi. Basi kazi hiyo inafanywa kila mavuno, si mara moja tu.