Fargo: Kisa cha mauaji kilichodai kuwa cha kweli

FILAMU ya Fargo huanza kwa maandishi yanayomweleza mtazamaji kwamba mambo atakayoyaona yalitokea katika Jimbo la Minnesota, nchini Marekani, mwaka 1987. Kwamba majina yamebadilishwa kwa ombi la walionusurika, na mengine yote yamesimuliwa kama yalivyotokea kwa heshima ya marehemu.

Tangazo hilo ni uongo. Ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, walikitunga kisa hicho wenyewe, na mtazamaji mwenye subira ya kukaa hadi mwisho wa filamu hiyo ya mwaka 1996 hukuta maandishi mengine yakisema kuwa wahusika wote ni wa kubuni.

Baadaye ndugu hao walieleza kwamba waliokota vipande viwili tu vya habari za kweli. Kimoja ni cha mfanyakazi wa kampuni ya magari aliyefanya udanganyifu kwa namba za magari. Kingine ni mauaji ya mwaka 1986 katika Jimbo la Connecticut, mbali kabisa na Minnesota, ambako mume aliuteketeza mwili wa mkewe kwa mashine ya kusaga matawi ya miti.

Fargo huwekwa katika kundi la filamu za uhalifu ambazo wachambuzi wa Ufaransa waliziita “filamu nyeusi” katika miaka ya 1940. Kwa kawaida filamu hizo ni za usiku, mvua, vichochoro vya mji mkubwa na mtu wa kawaida anayejitumbukiza katika hila asiyoweza kuimudu. Ndugu Coen waliubakiza mtego huo, lakini wakaubadilisha mji: hapa ni theluji tupu, barabara ndefu zisizo na magari na watu wapole ambao hawaachi kusalimiana hata maiti ikiwa imelala kando yao.

Mwenye hila ni Jerry Lundegaard (William H. Macy), meneja mauzo wa magari mjini Minneapolis, anayedaiwa fedha nyingi kwa sababu ambayo filamu haiitaji kamwe. Anawakodi wahuni wawili, Carl Showalter (Steve Buscemi) na Gaear Grimsrud (Peter Stormare), wamteke nyara mkewe ili baba mkwe wake tajiri atoe kikomboleo. Wahuni anawaambia kwamba kikomboleo ni dola 80,000, nao watapata nusu pamoja na gari. Baba mkwe anamwambia watekaji wanataka dola milioni moja.

Mjini Fargo kwenyewe, katika Jimbo la North Dakota, ndiko watu hao wanakokutana baa mwanzoni. Baada ya hapo mji huo hauonekani tena.

Mpango unaharibika kwa jambo dogo. Askari wa doria anawasimamisha watekaji usiku karibu na mji wa Brainerd kwa kuwa gari lao halina kibali cha muda. Grimsrud anamuua, kisha anawaua wapita njia wawili walioshuhudia. Hadi filamu inakwisha, watu saba wamekufa, akiwamo mke wa Jerry ambaye hakuna aliyepanga afe.

Kiini cha filamu kipo katika hesabu za fedha hizo. Carl anapofungua mkoba na kukuta fedha nyingi kuliko alizotarajia, anazifukia zaidi ya dola 900,000 kwenye theluji kando ya uzio, ili asigawane na mwenzake. Dakika chache baadaye anauawa kwa shoka kwa sababu amekataa kugawana thamani ya gari. Mwili wake ndio unaoingizwa katika ile mashine ya matawi. Ni jambo la kutisha, na bado mtazamaji hujikuta akicheka, kisha akajiuliza kama alistahili kucheka.

Mpelelezi ni Marge Gunderson, mkuu wa polisi wa Brainerd, mwenye mimba ya miezi saba. Frances McDormand, mke wa Joel Coen, anamwigiza kwa utulivu mkubwa, ingawa anaingia baada ya nusu saa hivi ya filamu kupita. Akiwa kwenye eneo la mauaji anainama ghafla. Mtazamaji hudhani ameona ushahidi, kumbe ni kichefuchefu cha mimba, na kikipita anasema ana njaa.

Lakini si mzembe. Msaidizi wake anadhani herufi tatu zilizoandikwa na askari aliyeuawa, DLR, ni mwanzo wa namba ya gari. Marge anamrekebisha kwa upole: ni kifupi cha neno la Kiingereza la muuza magari. Njia ya kumfikia Jerry inaanzia hapo.

Nyumbani, mumewe anachora bata kwa ajili ya shindano la stempu za posta, na mchoro wake unapata stempu ya senti tatu tu. Marge anamtuliza kwamba gharama za posta zikipanda, watu huzihitaji hizo ndogo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, senti hizo tatu zina uzito kuliko milioni yote ya baba mkwe.

Filamu hiyo ilitengenezwa kwa takriban dola milioni saba. Joel Coen alipata tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la Cannes mwaka 1996, na mwaka uliofuata filamu ilitwaa Oscar mbili: ya mwigizaji bora wa kike kwa McDormand na ya hadithi bora ya kubuni. Baadhi ya wakazi wa Minnesota, hata hivyo, walilalamika kwamba lafudhi yao, yenye asili ya walowezi wa Norway na Sweden, ilifanyiwa mzaha.

Lile tangazo la uongo nalo lilipata maisha yake. Mwaka 2001 mwanamke kutoka Japani alikutwa amekufa Minnesota, na vyombo vya habari vikaeneza kwamba alikwenda kuutafuta mkoba uliofukiwa. Filamu fupi ya uchunguzi iliyotoka miaka miwili baadaye ilionyesha kuwa alijiua, na kwamba habari za mkoba zilitokana na polisi kutoelewana naye kwa lugha.

Tamthilia ya televisheni yenye jina hilohilo ilianza kuonyeshwa mwaka 2014. Kila sehemu yake hufunguliwa kwa tangazo lilelile, miaka na majimbo yakibadilika.