Matatu si Sheng: neno lililozaliwa na senti thelathini

Nimeliona jambo hili mara nyingi katika daftari za insha za wanafunzi wa shule zetu za msingi. Mtoto ameandika 'tulipanda matatu kwenda mjini', mwalimu akalipiga neno hilo mstari mwekundu na juu yake akaandika 'matwana'. Ukimuuliza kisa na maana, atakujibu kwamba matatu ni Sheng, bana, na Sheng haina nafasi katika insha. Mimi sina ugomvi na matwana. Wanaolipenda na waendelee kulitumia. Lakini kudai kwamba matatu ni Sheng ni kupotosha historia ya neno lenyewe na ya jiji la Nairobi lililolizaa.

Hebu tuanze na nauli. Huduma ya mabasi ya KBS ilianzishwa Nairobi mwaka 1934 na kampuni ya kutoka London, na baada ya uhuru, mwaka 1966, Baraza la Jiji likachukua hisa katika kampuni hiyo na kuipa ruhusa ya kuwa mbebaji wa pekee wa abiria jijini. Tatizo ni kwamba jiji halikuingoja. Vikwazo vya mkoloni vya kuwazuia Waafrika kuhamia mjini vilikuwa vimeondoka, watu wakamiminika, na mitaa ya pembezoni ikakua upesi kuliko idadi ya mabasi. Pengo hilo wakaliziba wenye magari yao binafsi: vigari vikuukuu na pikapu. Hawakuwa na leseni, na walicheza paka na panya na askari wa trafiki. Nauli ilikuwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi.

Wakikuyu huziita sarafu hizo mang'otore, na tatu zikiwa ni mang'otore matatu. Wapo wanaoshikilia kwamba asili ni Kiswahili, mapeni matatu. Kwangu mimi ushindani huu hauna tija. Mzizi -tatu ni wa Kibantu, na Mkikuyu, Mkamba na Mswahili wote huusikia bila mkalimani. Nadhani ndiyo sababu neno lilienea upesi: kila aliyesimama kando ya barabara alijua anaambiwa atoe kiasi gani.

Sasa tazama lililotokea kisarufi, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Katika mang'otore matatu au mapeni matatu, kiambishi ma- kwenye matatu ni cha upatanisho tu, kinaifuata nomino. Nomino ikadondoka, kama zidondokavyo nomino katika mazungumzo ya haraka, kivumishi kikabaki peke yake na kupanda cheo kuwa nomino kamili. Ndiyo maana leo tunasema 'matatu moja' bila kuona kichekesho chochote, ingawa anayetafsiri neno kwa neno atapata 'tatu moja'!

Sheng yenyewe ilifika baadaye. Vijana walilichukua matatu lililokwisha kukomaa, wakalipasua katikati, ma- na tatu, wakaitafsiri tatu kwa Kiingereza na kupata mathree. Mathree ndilo neno la Sheng. Na kumbe waliolibuni walikuwa wanaisimu wazuri kutushinda baadhi yetu, kwani walisikia bado kwamba ndani ya neno mna hesabu.

Wala si Nairobi peke yake iliyoliita gari kwa nauli yake. Dar es Salaam, serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mwaka 1983, nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu hiyo mtaani iliitwa dala. Hivyo ndivyo tulivyopata daladala. Kabla ya hapo, Los Angeles mwaka 1914, wenye magari walianza kubeba watu kwa senti tano za Marekani. Sarafu ya senti tano mtaani iliitwa jitney, na gari nalo likaitwa jitney. Hakuna aliyeiga mwenzake. Abiria maskini hulitambua gari kwa kile kinachomtoka mfukoni.

Turudi Nairobi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari haya kubeba abiria bila leseni, na mwaka 1984 sheria ikayatambua rasmi. Fungua Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iliyoandikwa kwa Kiingereza, utalikuta neno matatu limefafanuliwa kama gari la abiria lenye viti visivyozidi 25, bila kuhesabu cha dereva. Neno ambalo waandishi wa sheria walilitia katika maandishi yao bila kulitafutia mbadala, sisi wenye lugha tunalifukuza darasani!

Lililopotea ni ile bei. Senti thelathini zilihesabika na zilijulikana kabla hujatoka nyumbani. Leo simama Kencom saa kumi na mbili jioni, mvua ianze kunyesha, uone nauli inavyopanda kabla hujafungua mwavuli. Makanga hutangaza apendavyo. Neno limebaki na ushahidi wa mapatano ambayo wenye magari wenyewe wameyasahau, nami ningependa kamusi zetu ziuandike ushahidi huo badala ya kutosheka na 'gari dogo la abiria'.

Kwa walimu walioniuliza kuhusu ngeli: matatu limo katika I-ZI. Matatu hii imejaa, matatu hizi zimejaa. Ma- yake imegandia, haionyeshi tena wingi, kama ilivyogandia katika manamba na makanga, ambao ni wa A-WA: makanga yule, makanga wale. Manamba limetokana na namba; kule Tanganyika liliwahi kuwa jina la vibarua wa mashamba ya mkonge, na kwetu likawa la mpiga debe. Nalo pia halimtaki mtu aseme 'namba' kwa umoja. 'Matatu haya' ni sahihi pale tu unapohesabu mayai.