Kauli, si Alama

Kuna kipeperushi kimebandikwa mlangoni mwa kibanda cha wakala wa fedha hapa Ngaramtoni, kinachomhimiza mwanafunzi wa chuo "ajenge alama zake za mkopo mapema". Namfikiria kijana anayekisoma akiwa ametoka kuangalia matokeo ya muhula. Alama anazijua: ndizo zinazomkosesha usingizi. Leo anaambiwa mkopo nao una alama. Umefanya mtihani gani, na nani kausahihisha?

Dhana yenyewe haina ugumu, wala sidhani msomaji wa ukurasa huu anahitaji kufunzwa: ni imani ambayo mkopeshaji anakuwa nayo kwa mtu kutokana na alivyolipa huko nyuma. Ugumu tumeletewa na wafasiri. Hii "alama" imepakuliwa kutoka Marekani, ambako kampuni ya Fair Isaac ilitoa mwaka 1989 kipimo cha FICO kinachompanga mkopaji kati ya 300 na 850. Wenzetu wakaiona tarakimu, wakadhani tarakimu ndiyo dhana. Ni kama kuiita homa "namba ya kipimajoto".

Wengine wanasema "historia ya mkopo". Mkopo hauna historia. Mwenye historia ni aliyeukopa. Kisha likaja "ukopeshekaji", linalopendwa sana na watu wa warsha. Lichambue: mzizi -kop-, ukaongezewa -esh- ya kusababisha, -ek- ya kutendeka, na mkiani wakapachika -aji, ambayo kazi yake ni kutaja tendo, wala si sifa ya mtu. Isitoshe, mzizi wenyewe una doa. Kamusi za zamani walizotunga Waingereza zinaipa "kopa" maana ya kuchukua kwa ahadi ya kulipa, na papo hapo maana ya kulaghai. Ndilo neno la kumkabidhi kijana akajengee jina? Yupo pia mtaalamu mmoja, simtaji, anayetetea "itibari". Ni neno zuri na pwani lina heshima yake, lakini nenda nalo chuoni kule Njiro uone kama kuna atakayeinua kichwa kutoka kwenye simu.

Neno tunalo, nalo ni kauli. Asili yake ni Kiarabu, kule kwenye kusema, na Kiswahili kililichukua kikalifanya zaidi ya maneno ya mdomoni: mtu mwenye kauli mbili haaminiki, na aliyekwisha kutoa kauli kajifunga. Ahadi ni deni, tunasema, na hapo neno na deni vimeshakaa kitako pamoja bila kusubiri kikao. Hata Kiingereza kilipotafuta jina la jambo hili kilikwenda kulichukua kwenye Kilatini, kwenye credere, kuamini. Nao hawakuanza na tarakimu.

Wafanyabiashara wetu walilimaliza suala hili zamani. Mali kauli ni mzigo unaouchukua leo bila kutoa hata shilingi, ukauuza, kisha ukarudisha fedha. Njoo Ngaramtoni siku ya soko, Alhamisi, wakati magunia ya viazi yanashushwa.

"Shikamoo, mama. Leo mfuko hauruhusu."

"Marahaba, mwanangu. Unaleta lini?"

"Jumapili, soko likivunjika."

"Beba."

Mama anafungua kaunta buku, anaandika jina, idadi ya magunia na siku. Kurasa za nyuma zina majina yaliyopigwa mstari, yaani wamelipa, na machache yaliyozungushiwa duara. Wenye duara hawabebi. Lile daftari ndiyo taasisi nzima ya taarifa za wakopaji, na Creditinfo, iliyoanza kazi hiyo nchini mwaka 2013 chini ya usimamizi wa Benki Kuu, tofauti yake kubwa na mama huyu ni kompyuta. Hata misafara ya karne ya 19 ilikwenda hivyohivyo: Taria Topan wa Unguja alimpa Tippu Tip bidhaa za kwenda nazo bara, malipo yakisubiri pembe zirudi pwani.

Kwa hiyo napendekeza ukoo mzima: kujenga kauli, kuharibu kauli, kipimo cha kauli kwa ile tarakimu, daftari la kauli kwa zile kumbukumbu. Niliwahi kuupeleka kwenye kamati moja. Jibu lilikuja kwa barua yenye makosa ya tahajia, likisema kauli "tayari ni istilahi ya sarufi", kama katika kauli ya kutendwa. Mzizi pia ni istilahi ya sarufi, na sijasikia mkulima wa Selian aliyechimba akakuta kitenzi. Barua ilimalizia kwamba neno langu "lina harufu ya soko". Nashangaa walitaka istilahi ya fedha inuke nini.

Matumizi, kwa kifupi. Bumu linaloingia kutoka Bodi ya Mikopo ni deni, si zawadi. Ukiajiriwa unakatwa 15% ya mshahara wa msingi, na ukikwepa, kauli yako inachafuka kabla hujaomba mkopo wa benki. (Ile asilimia 6 ya "tozo ya kulinda thamani ya fedha", yenye jina refu kuliko risiti yake, ilifutwa 2021, kwa heri yake na ya mtunzi wake.) Ukichukua kidogo kwenye M-Pawa au Songesha, rudisha kabla ya siku. Programu za mikopo zisizo na leseni ya Benki Kuu, hizo za kausha damu, zipite mbali. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako usimwachie rafiki akakopea, kwa kuwa daftari litaandika jina lako. Taarifa zako una haki ya kuziona na kupinga zilizokosewa.

Kipeperushi kile kina pia "dhamana ya kimaadili ya mdhamini". Hilo linahitaji makala yake, na nitaliandika likiwa bado linanichemsha.