Studio Juu ya Meza: Historia ya Kaseti ya Njia Nne

Tulipojadili uhuru wa maoni tulijiuliza: haki ya kusema ina thamani gani kwa mtu asiye na chombo cha kusemea? Leo nalipeleka swali hilo kwenye muziki.

Katika miaka ya 1970, mwanamuziki aliyetaka kurekodi wimbo alikwenda mahali ambapo mtu mwingine alishika ufunguo. Tanzania bara, kwa mfano, bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na maneno ya nyimbo yalipimwa kwanza. Marekani na Uingereza, ufunguo ulikuwa fedha. Studio ilikodiwa kwa saa, na saa zikiisha, mwenye wimbo alitoka hata kama wimbo haujakamilika. Mtu wa kukosea na kurudia, yaani mwanafunzi, hakuwa na nafasi humo.

Kaseti ilipozaliwa haikukusudiwa kuvunja utaratibu huo. Kampuni ya Philips iliionyesha Berlin mwaka 1963, ikiwa kazi ya kikundi cha mhandisi Lou Ottens, na wengi waliiona kuwa chombo cha kunasia mazungumzo tu. Utepe wake una upana usiofika milimita 4, nao hupita kwenye mashine kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Juu ya upana huo mdogo kuna njia nne za sauti. Neno "njia" hapa lina maana ya mstari mwembamba unaohifadhi sauti yake peke yake. Redio kaseti ya kawaida husoma njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Ukiigeuza kaseti, husoma zile mbili zilizobaki.

Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa mashine iliyoitwa Portastudio 144, ambayo ilizitumia njia zote nne kwa mwelekeo mmoja. Ili sauti iwe safi zaidi, utepe ulikimbizwa mara mbili ya mwendo wa kawaida. Kwa hiyo kaseti ya dakika 60, yenye dakika 30 kila upande, ilitoa dakika 15 tu za kurekodi, kwa kuwa haikuwa na upande wa pili tena. Ndani ya kisanduku hicho hicho mliwekwa vidhibiti vya kuchanganyia sauti. Studio ilikuwa imeshuka hadi juu ya meza ya chumbani.

Aliyejifunza kwa mashine hii alianza peke yake. Alirekodi gitaa kwenye njia ya kwanza, akarudisha utepe nyuma, akavaa vipokea sauti vya masikioni, kisha akaimba kwenye njia ya pili huku akilisikiliza gitaa lake mwenyewe. Kama mapigo ya gitaa yaliyumba, kila kilichofuata kiliyumba nayo, na hapo alielewa kwa nini wakongwe husisitiza mapigo kwanza. Alijifunza kutazama mshale wa kipimo: sauti ndogo mno humezwa na mvumo wa utepe, kubwa mno hukwaruza. Alijifunza kusafisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti. (Na aliyejaribu kuicheza kaseti yake kwenye redio ya kawaida alishangaa: wimbo ulikwenda polepole mno, na upande wa pili ulisikika kinyumenyume.)

Ugumu wenyewe ulikuja njia zilipojaa. Mtu mwenye ngoma, besi na gitaa kwenye njia tatu aliweza kuzichanganya zote kwenye njia ya nne, kisha akafuta zile tatu na kupata nafasi mpya. Lakini baada ya hapo ngoma iliyozidi haikuweza kupunguzwa tena, na kila unakili uliongeza mvumo. The Beatles walikuwa wamelazimika kuamua namna hiyo walipotengeneza Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, iliyotoka mwaka 1967, kwa mashine za njia nne. Tofauti ni kwamba mashine zao zilitumia utepe mpana wa inchi moja, na pembeni walikuwa na wahandisi wa kuajiriwa. Kijana wa chumbani hakuwa na mhandisi. Alichokuwa nacho ni usiku mzima wa kukosea bila kudaiwa na mtu, na kwa maoni yangu hilo lina uzito kuliko ubora wa sauti.

Mfano unaojulikana zaidi unatoka kwa mtu ambaye, kusema kweli, hakukosa fedha za studio. Mwanzoni mwa mwaka 1982 Bruce Springsteen alikuwa akiishi katika nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey. Fundi wake wa magitaa alimletea Portastudio 144, naye akarekodi humo nyimbo kuhusu wahalifu, watu waliokwama na wafanyakazi waliofungiwa viwanda. Mara nyingi sauti yake na gitaa zilichukua njia mbili. Mbili zilizobaki aliziachia gitaa la pili, kinanda cha mdomo au sauti ya kuitikia. Zilikuwa rasimu tu, za kuwaonyesha wenzake wa bendi.

Bendi ikaingia studio kuzirekodi upya. Vyombo vilikuwa bora na wapigaji walikuwa hodari, lakini nyimbo nyingi kati ya hizo zilipoteza upweke uliokuwa ndani ya rasimu. Springsteen akaamua kurudi kwenye kaseti yenyewe, ambayo kwa wiki kadhaa alikuwa akitembea nayo mfukoni bila kasha. Mafundi walihangaika sana kuihamishia kwenye santuri, kwani sauti yake haikuwa imeandaliwa kwa kazi hiyo. Tarehe 30 Septemba 1982 albamu ya Nebraska ilitoka ikiwa na nyimbo 10, na mvumo wa utepe ukisikika chini yake.