Kumi na Moja, na Kilo Mbili na Nusu

Mjamzito akienda kliniki, namba mbili zinamsubiri. Wekundu wa damu usiwe chini ya 11. Mtoto akizaliwa, asiwe chini ya kilo mbili na nusu. Tumezizoea mno hata tunasahau kwamba kuna watu waliokaa wakaziweka.

Kilo mbili na nusu tunadaiwa na Arvo Ylppö, daktari wa watoto kutoka Ufini aliyefanya kazi Berlin. Mwaka 1919 alihitaji mpaka wa kumtambua mtoto njiti, akachagua gramu 2,500. Shirika la Afya Duniani likaupokea mpaka huo mwaka 1948. Kumi na moja ilifuata mwaka 1968, wataalamu wa shirika hilohilo walipoamua kwamba mjamzito mwenye himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu wa damu.

Ukiziunganisha, hesabu inaonekana rahisi: damu nyingi, mtoto mzito. Mwaka 1995 Philip Steer na wenzake waliivuruga. Walichambua mimba 153,602 za eneo la London, wakakuta watoto wazito zaidi kwa wastani ni wa akina mama ambao kipimo chao cha chini kabisa kilikuwa kati ya 8.5 na 9.5. Wale ambao damu yao haikushuka walizaa watoto wadogo mara nyingi zaidi. Kwa nini? Katika ujauzito wenye afya, maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo kipimo hushuka hata pale damu yenyewe inapoongezeka.

Basi vidonge vya madini ya chuma ni vya bure? Hapana. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wajawazito 470 wa vijijini nchini Kenya, mahali penye malaria. Waliopewa chuma walizaa watoto waliowazidi wenzao kwa wastani wa gramu 150. Huko damu hushuka pia kwa sababu ya malaria, minyoo na chakula kisicho na chuma cha kutosha.

Kwa hiyo 10 ya mama mmoja si 10 ya mwenzake. Anayeambiwa "damu yako ni ndogo" ameze vidonge alivyoandikiwa, lakini pia aulize: imepungua kwa sababu gani? Kadi ina nafasi ya namba tu. Jibu la swali hilo linahitaji mtu wa kumsikiliza.