Ndege za Kupaa Wima na Meli Ndogo za Kubeba Ndege: Mpango Ambao Marekani Haikuutekeleza

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Admirali Elmo Zumwalt, Mkuu wa Operesheni za Jeshi la Wanamaji la Marekani kuanzia 1970 hadi 1974, alipendekeza zijengwe meli ndogo za kubeba ndege, kila moja ikiwa na uzito wa takriban tani 14,000. Meli za aina ya Nimitz, zilizokuwa zikijengwa wakati huo, huzidi tani 90,000. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: meli kubwa ni ghali na ni chache, hivyo haziwezi kulinda kila msafara wa meli za mizigo dhidi ya nyambizi za Kisovieti.

Kilicholiwezesha wazo hilo ni Harrier, ndege ya kivita ya Uingereza. Injini yake ya Pegasus ina midomo minne ya kutolea hewa, ambayo rubani huielekeza chini ndege inapopaa au kutua wima, na nyuma inapokwenda mbele. Meli inayobeba ndege hizo haihitaji manati ya kuzirushia wala nyaya za kuzinasa zinapotua. Hata hivyo, kupaa wima kabisa hulazimisha kupunguza mafuta na silaha. Kwa hiyo, katika matumizi ya kawaida baharini, Harrier hukimbia masafa mafupi ili ipae na mzigo, kisha hutua wima ikiwa nyepesi. Waingereza waliinua ncha ya mbele ya sitaha kwa mpindo, ubunifu wa afisa wao Doug Taylor, na mzigo ukaongezeka.

Marekani ililijaribu wazo la Zumwalt kwa meli ya USS Guam kati ya 1972 na 1974. Zumwalt alistaafu, watetezi wa meli kubwa wakashinda, na meli hizo hazikujengwa.

Jibu la vitani lilipatikana mwaka 1982, katika visiwa vya Falkland. Sea Harrier kutoka HMS Hermes na HMS Invincible hazikupoteza hata ndege moja katika mapambano ya angani. Ikumbukwe kwamba Invincible ilikuwa tayari imepangwa kuuzwa Australia. Baada ya vita mauzo yakafutwa. Lakini meli hizo hazikuweza kurusha ndege kubwa ya rada ya kutoa tahadhari mapema, na Mei 4 kombora la Exocet liliipiga HMS Sheffield. Pengo hilo ni zito kuliko watetezi wa meli ndogo wanavyokiri.

Hispania ndiyo iliyoutumia mchoro wa Marekani, kwa meli ya Príncipe de Asturias iliyoanza kazi mwaka 1988. Thailand ilijengewa Hispania meli ndogo zaidi, Chakri Naruebet, mwaka 1997. Harrier zake zilipostaafishwa mwaka 2006, ilibaki na helikopta tu. Kwa sasa, ndege pekee ya kivita ya aina hiyo inayoendelea kutengenezwa kwa ajili ya meli kama hizo ni F-35B ya Marekani.