Programu-jalizi na Namna ya Kujifunza Kuiunda

Kujaliza ni kuongeza palipopungua mpaka pajae. Huko ndiko ilikotoka istilahi programu-jalizi: kipande cha programu kinachopachikwa ndani ya programu kubwa ili kuipa uwezo ambao muundaji wake hakuuweka. Wapo wanaosema kiendelezi, na watumiaji wa vivinjari vya intaneti wamelizoea neno hilo. Kwa vihariri matini naona jalizi inafaa zaidi, maana peke yake haifanyi lolote.

Tuchukue Vim, kihariri alichokitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991. (Ndicho kile kinachokupokea kwa ujumbe wa kuomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda, kwani Moolenaar aliwahi kujitolea katika kituo cha watoto huko Kibaale.) Faili la msimbo likikaa katika folda yake iitwayo plugin, Vim hulisoma kila inapofunguliwa. Basi, hiyo tayari ni jalizi.

Anayetaka kujifunza asihangaike kubuni jambo jipya. Aichague jalizi maarufu anayoitumia kila siku, aiandike upya bila kuchungulia msimbo wa mwenyewe. Kwa mfano, ipo jalizi ya Vim iitwayo commentary, ya Tim Pope: ukibonyeza gcc, mstari ulipo mshale hugeuka maelezo yasiyotekelezwa, ukibonyeza tena, unarudi kuwa msimbo. Kazi yaonekana nyepesi: soma mstari, tia alama mbele, uurudishe. Halafu maswali yanaanza. Python hutumia alama ya reli, Lua vistari viwili. Utajuaje uko katika lugha gani? Hapo utakutana na commentstring, mpangilio wa Vim unaobeba alama ya lugha ya faili lililofunguliwa. Mstari ulioanza na nafasi nne, alama ikae kabla ya nafasi au baada? Mstari mtupu je? Na amri ya nukta, inayorudia badiliko la mwisho, haitakutii mpaka uujue mpangilio mwingine uitwao operatorfunc.

Ukishakwama hapo ndipo uufungue msimbo wa Pope. Ukiusoma mapema utaukariri tu. Ukiusoma baada ya kuhangaika, utaona kila mstari unajibu swali ulilokwisha kujiuliza.

Angalizo moja: Neovim, tawi la Vim, tangu toleo la 0.10 la mwaka 2024 ina gcc ndani yake yenyewe. Ukilifanyia zoezi hili huko, ipe amri yako vitufe vingine, usije ukadhani jalizi yako inafanya kazi kumbe ni kihariri.